Siku Nne za Insaf

Mtu wa kwanza kuona kwamba Insaf ananenepa alikuwa mama mkwe wake, Hajja Wahiba, na aliona kwa sababu hakuwahi kuacha kutazama. Kwa miaka kumi na mmoja macho ya bibi yule yalimfikia mke wa mwanawe kiunoni kila asubuhi kabla ya kumfikia usoni. Asubuhi hiyo ya Novemba Insaf aliinama mbele ya tanuri kugeuza mikate, kanzu ikambana mgongoni, na Hajja Wahiba aliyekuwa mkekani akichambua mchele aliuacha mchele.

"Umelala vizuri?"

"Nimelala, Mama."

"Jana ulilala na mchana. Na juzi pia."

"Ni zile sindano. Zinachosha."

"Sindano unadungwa tangu Mei, na ulikuwa unakonda ukawa kama ukuni. Mbona sasa unanenepa?" Akapunguza sauti, ingawa uani hapakuwa na mtu mwingine, ni nyati wa maziwa na bata tu. "Mwezi wako umeuona lini?"

Insaf alichomoa mkate mmoja, akauweka juu ya wenzake, akautazama kana kwamba jibu lingetoka humo.

"Tangu Idi sijauona."

Hajja Wahiba aliinuka kwa tabu, maana magoti yake yalikuwa yamechoka, akamwendea, akampokea ule upawa mrefu wa tanuri mkononi. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumpokea chombo mkononi isipokuwa kumwonyesha kwamba anakishika vibaya.

"Nenda kakae," alisema. "Mikate nitamalizia mimi."

* * *

Siku hizi watu wa homa ya ini wanapewa vidonge vya miezi mitatu, wanavimeza, wanapona na kusahau. Miaka ile haikuwa hivyo. Zilikuwa sindano arobaini na nane, moja kila wiki, na vidonge vingine vya kumeza asubuhi na jioni pamoja nazo. Insaf alikuwa amemaliza ishirini na nne. Kila Jumatatu yeye na mumewe Metwalli walipanda treni kwenda kituo cha matibabu mjini Mansura, akadungwa, akarudi akitetemeka kwa homa hadi Jumatano. Virusi vyenyewe alikuwa navyo tangu utotoni, tangu sindano za kichocho shuleni, wakati sindano moja ilipita kwenye mikono ya darasa zima. Katika vijiji vyetu hakuna nyumba isiyojua hadithi hiyo.

Kitu ambacho Hajja Wahiba hakukijua ni karatasi. Kabla ya sindano ya kwanza, mume na mke walitia saini kwamba hawatapata mtoto muda wote wa matibabu na miezi sita baada yake. Vile vidonge humharibu mtoto tumboni. Daktari aliwaeleza anavyoweza kuzaliwa, na Metwalli akamwomba asiendelee kueleza. Njiani kurudi alisema, "Mama asijue habari ya karatasi hii. Akijua ni mwaka mwingine na nusu, wiki hiyohiyo utamsikia anamtaja Rawhiya awe mke wa pili." Rawhiya alikuwa binti wa mjomba wa Metwalli, mjane mwenye wavulana wawili, wenye afya, wanaoonekana kila Ijumaa wakikimbia mbele ya msikiti.

Kwa hiyo walinyamaza, na walikuwa waangalifu. Isipokuwa mara moja. Usiku wa Idi walirudi kutoka kwa ndugu, wameshiba, wanacheka kwa sababu ya shemeji mmoja aliyekalia sinia la biskuti za sikukuu, na kile kikasha cha mipira katika droo ya kitanda kilikuwa tupu, na duka la dawa limefungwa. Mara moja tu.

Insaf alikaa kitandani na shali ya sufu mabegani, ingawa nje watu walikuwa bado wanatembea na mikono wazi. Alijihesabia. Mwezi haujaja. Usingizi haumwachi. Kichefuchefu asubuhi. Matiti mazito. Alijua maneno ya daktari, aliyajua yote, na bado aliingiza mkono chini ya kanzu akauweka pale chini ya kitovu, na akauacha.

Ilikuwa Alhamisi.

* * *

Metwalli alikuwa fundi wa pampu za maji mashambani, mtu mrefu mwenye mikono ambayo sabuni haikuwahi kuisafisha kabisa. Alirudi jioni akamkuta mkewe amekaa palepale. Alipoambiwa, alikaa chini sakafuni na viatu vyake vya tope.

"Lakini ilikuwa mara moja."

"Wenzetu mara moja inawatosha."

"Wenzetu, ndiyo. Sisi miaka kumi na mmoja..." Akakatisha. Akajipangusa uso, akabakiza mstari wa grisi shavuni. "Mama anajua?"

"Yeye ndiye aliyenijulisha."

"Basi tumekwisha. Jumatatu daktari atasema itolewe."

"Najua."

"Na wewe unasemaje?"

Insaf alimtazama. Sauti yake ilikuwa imekuwa nzito wiki hizo, ya mkwaruzo, kama ya mtu aliyeamshwa. "Mimi Jumatatu nitakwenda, nitapimwa, na watakalosema nitalisikia. Lakini toka leo mpaka Jumatatu, Metwalli, usiniulize kitu. Siku hizi nne niachie."

Akamwachia. Aliinuka, akavua viatu, na alipopita nyuma yake aliweka kiganja kichwani pake kwa muda mfupi, kwa woga, kama anayegusa chungu kutazama kama kimepoa.

* * *

Ijumaa baada ya swala alikuja Mama Hisham, jirani wa ukuta kwa ukuta, na bakuli la uwatu uliochemshwa kwa sukari. Mama Hisham huyuhuyu mwezi wa Juni, habari za virusi zilipovuja, alimrudishia Insaf sahani ya jibini kwa mkono wa bintiye na salamu kwamba nyumbani kwao wanaumwa tumbo. Jibini ilirudi kama ilivyokwenda, hata alama ya kisu haikuwa nayo. Baada ya hapo walimfuata wengine, mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake, na Insaf aliyekuwa akiwauzia jibini wanawake wa mtaa mzima akabaki akiwapelekea maziwa watu wa gari la kiwanda ambao hawaulizi jina.

Sasa Mama Hisham alikaa kwenye kochi lake, akanywa chai katika glasi yake, na hata hakuifuta ukingo.

"Uso umevimba," alisema kwa furaha. "Mimi kwa Hisham nilivimba hivihivi."

"Na sauti," alisema Hajja Wahiba. "Umeisikia sauti? Sauti nzito ni mvulana."

"Na nywele zinanitoka," alisema Insaf. Alishangaa kujisikia akichangia.

"Mtoto anakula kwa mama. Anakula nywele, anakula meno. Kunywa uwatu." Mama Hisham akamsogezea bakuli. "Haya, tuambie basi. Tukuite mama nani?"

Katika mtaa ule kila mwanamke aliitwa kwa mtoto wake. Yeye peke yake aliitwa Insaf, kama msichana, na walipotaka kumwonyesha heshima walimwita mke wa Metwalli. Hakupaswa kujibu. Alijua hakupaswa.

"Mama Idris," alisema.

Jina hilo hakuwahi kumtajia hata mumewe. Hajja Wahiba alilirudia taratibu, akilionja, kisha akalitumia siku nzima: Mama Idris kula, Mama Idris usibebe ndoo hiyo, Mama Idris weka miguu juu. Jumamosi lilikuwa limefika dukani. Jumapili muuza vitunguu alimtumia pongezi.

Insaf alilala, akaamka, akala alichopewa. Baridi ilimkaa mifupani na fikra zake zilikwenda polepole, kama zinavuka tope. Lakini ndani ya uzito huo alikuwa na raha ambayo hakuijua kabla. Usiku wa Jumapili alimwambia yule wa tumboni, bila sauti, kwamba anaomba radhi. Alimwambia pia jinsi baba yake anavyocheka.

* * *

Kituoni Mansura walimpa kikopo, akarudi nacho, akangoja. Metwalli alisimama koridoni katikati ya wanaume wenye nyuso za manjano, kila mmoja na faili lake kifuani. Daktari Nermin alikuwa mwanamke kijana, hijabu ya bluu, mafua ya msimu. Aliwaita ndani wote wawili.

"Hakuna mimba," alisema. "Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," alisema Metwalli, akashika meza.

Insaf alijifunika shali vizuri. Daktari aliyekuwa ameanza kuandika aliinua kichwa, akamtazama mara ya pili, na safari hii alimtazama hasa. Akaweka kalamu. Alimshika kiganja, akahesabu mapigo ya moyo kwa saa yake. Alimwambia ameze mate huku amemshika shingoni kwa vidole viwili. Alimbonyeza ngozi ya mguu. Alimuuliza kama anahisi baridi wakati wengine hawahisi, kama choo kinapatikana kwa shida, kama sauti hii ndiyo yake ya siku zote.

"Wiki ngapi umekuwa hivi?"

"Nilidhani ni mimba," alisema Insaf.

Wakamtoa damu. Walingoja hadi alasiri kwenye ngazi za nje, wakala mkate na maharage, au tuseme Metwalli ndiye aliyekula. Walipoitwa tena daktari alikuwa na karatasi mbili mbele yake, na alianza na ile nzuri.

"Virusi havionekani tena kwenye damu. Wiki ya ishirini na nne na havionekani. Wagonjwa wangu wengi wangelia kwa furaha."

"Na hiyo nyingine?"

Daktari Nermin alipenga kamasi, akajivuta mbele. "Hizi sindano haziui virusi zenyewe, Bi Insaf. Zinawaamsha askari wa mwili wako ndio wakapigane. Wako wameamka vizuri sana. Lakini kuna watu wachache, askari wao wakishaamshwa namna hii, hawabagui tena. Wakimaliza adui wanageukia watu wa nyumbani. Hapa shingoni pana tezi ndogo. Ndiyo inayoupa mwili moto na mwendo. Askari wako wameishambulia."

"Kwa hiyo ninajipiga mwenyewe."

"Mwili wako unaipiga tezi."

"Kwa kosa gani?"

"Hakuna kosa. Dawa imefanya hivyo."

Insaf alitazama mikono yake mapajani. "Kunenepa?"

"Ni tezi."

"Usingizi. Na baridi."

"Tezi."

"Mwezi kukatika."

"Hata huo. Ndiyo maana umekudanganya."

"Na kichefuchefu?"

"Hicho labda ni vidonge."

Alikuwa anamrudishia daktari dalili moja moja, kama mtu anayerudisha nguo za kuazima, na ilipokwisha ya mwisho hakubaki na kitu.

Daktari alieleza kwamba kuna kidonge kidogo cha kumeza kila asubuhi kabla ya kula, kitafanya kazi ya tezi. Huenda tezi itapona baadaye, huenda haitapona na kidonge kitakuwa cha maisha. Sindano zinaweza kuendelea, zimebaki ishirini na nne. Zikiachwa sasa, virusi kwa uwezekano mkubwa vitarudi.

"Nikiacha leo," alisema Insaf, "ile miezi sita ya kungoja mtoto inaanza leo?"

Metwalli aligeuka kumtazama.

"Inaanza leo," alisema daktari taratibu. "Lakini ini lako, Bi Insaf, lina makovu tayari."

"Nina miaka thelathini na saba. Nikimaliza sindano zote na kungoja miezi sita tena, nitakuwa nakaribia thelathini na tisa."

"Najua."

"Leo sitaki sindano."

"Wiki moja naweza kukuruhusu," alisema Daktari Nermin. "Mbili siwezi. Chukua kidonge cha tezi, nenda nyumbani, fikiri. Jumatatu nakungoja."

* * *

Ndani ya treni Metwalli alikaa mkabala naye. Vituo viwili vikapita.

"Amua wewe," alisema hatimaye. "Lolote utakalosema mimi nitakubali."

"Miaka kumi na mmoja mnaniamulia mpaka unga wa kukanda. Leo ndiyo unanipa mimi."

Metwalli alitazama mashamba ya mpunga yaliyokwisha vunwa, mashina yaliyoungua. Kisha akasogea mbele, akanong'ona ingawa aliyekuwa karibu nao ni mzee aliyelala.

"Tumwambie Mama imetoka."

"Imetoka nini?"

"Mimba. Tuseme imetoka hospitali. Wanawake hutokewa na hilo. Hatauliza zaidi."

Insaf aliegemeza kichwa dirishani. Uongo ule ulikuwa mzuri kuliko Metwalli alivyojua. Mwanamke aliyepoteza mimba ni mwanamke aliyewahi kuibeba.

"Sema wewe," alimwambia. "Mimi sina sauti."

* * *

Hajja Wahiba alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akaweka mkono mdomoni, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alimkumbatia Insaf. Alikuwa mfupi, kichwa chake kilifika kifuani pa mke wa mwanawe, na alikaa hapo muda mrefu. Halafu akachinja njiwa wanne.

Wanawake wakaja. Walikaa kitandani kwake kwa zamu, wakamwambia za kwao, ya miezi mitatu, ya miezi mitano, yule aliyepewa jina na kuzikwa. Mama Hisham alilia kweli, pua ikawa nyekundu. Insaf alilia pamoja nao. Alikuwa amedhani ataigiza, akakuta hana haja ya kuigiza. Aliyemlilia hakuwahi kuwapo, hilo alilijua, na machozi hayakujali.

Alipewa supu kitandani. Alifunikwa miguu. Hajja Wahiba alimfukuza Metwalli chumbani kwa sababu ya kelele za viatu vyake. Jumatano, Alhamisi, na sindano haikutajwa na mtu. Ijumaa asubuhi yule bibi alichemsha maji.

"Njoo nikuoshe kichwa," alisema. "Mtu haingii siku ya Ijumaa na kichwa kama hicho."

Insaf aliinama juu ya beseni uani, kwenye jua. Hajja Wahiba alimimina maji, akapaka sabuni, akasugua kwa vidole vigumu vya mtu aliyeosha watoto sita. Kisha vidole vikapunguza mwendo. Nywele zilikuwa zinakuja nazo, mafungu mazima, nyeusi, zikizunguka katika povu.

"Usijali," alisema bibi, na sauti yake haikuwa na uhakika. "Zitaota. Siku arobaini zikipita, mwili unarudi, unashika mimba nyingine upesi kuliko ya kwanza. Mimi baada ya ile iliyotoka nilimpata Metwalli."

Insaf alikuwa amefumba macho kwa sababu ya sabuni. Labda ndiyo sababu aliweza.

"Mama, hakukuwa na mtoto."

Mikono ilisimama.

"Ni dawa. Imeniharibu tezi ya shingo, ndiyo iliyoninenepesha, ndiyo iliyonikatia mwezi. Na hata ningekuwa na mimba ingebidi itolewe, kwa sababu vidonge ninavyomeza vinaharibu mtoto. Tulitia saini tangu Mei. Hatuwezi kupata mtoto mpaka yote yaishe, na baada yake miezi sita. Hatukukwambia."

Bata walikuwa wanabishana mferejini. Vidole vya Hajja Wahiba vilikuwa bado kichwani.

"Nimekuita Mama Idris mbele ya kijiji kizima."

"Najua, Mama."

"Muuza vitunguu amenipongeza."

"Najua."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungemletea Rawhiya."

"Ningemletea, ndiyo," alisema Hajja Wahiba. "Na bado naweza."

Akachukua birika, akamsuuza. Alimsuuza vizuri, nyuma ya masikio, mpaka maji yakatoka safi, kwa sababu huwezi kumwacha mtu na sabuni machoni. Kisha akaweka birika chini, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake.

* * *

Hakutoka kwa chakula cha mchana. Magharibi alitoka, akakaa mahali pake mbele ya meza ya chini, akawakuta wote wawili wamekaa mbele ya sinia la mulukhiya, ule mchuzi wa mlenda, ambalo hakuna aliyeligusa.

"Nieleze," alimwambia mwanawe. "Wewe, si yeye. Yeye ameshaniambia. Akiacha hizo sindano sasa hivi, anaweza kuzaa?"

"Baada ya miezi sita, labda."

"Basi kwa nini asiache?"

Metwalli alimega mkate, hakuula. "Kwa sababu virusi vitarudi, Mama. Na ini lake limeshaanza kuwa kama la Baba."

Hajja Wahiba alikuwa amemuuguza mumewe miezi kumi na minne. Kila aliyekuwa mezani alikumbuka, lakini yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani.

"Kama la baba yako," alisema.

"Daktari anasema lina makovu."

Bibi alitazama mbele, kwenye sinia. "Tumbo la baba yako mwishoni lilikuwa kubwa kuliko la mwenye pacha. Watu walikuwa wanakuja kumwona wanatazama pembeni. Hospitali walimtoa maji ndoo nzima, na baada ya wiki lilikuwa limejaa tena." Akamgeukia Insaf. "Na wewe unataka kuacha."

"Nataka mtoto, Mama," alisema Insaf. Haya alikuwa hajawahi kuyasema wazi mbele ya bibi huyu. Siku zote alikuwa akitakiwa mtoto, hakuna aliyewahi kumuuliza kama anamtaka. "Siku nne nilikuwa naye. Najua hakuwapo. Lakini sasa najua inakuwaje, na nitakaa vipi mwaka mzima tena bila kujua kama nitapata?"

Metwalli alimsemesha mama yake, ingawa macho yalikuwa kwa mkewe.

"Rawhiya simwoi, Mama. Si mwaka huu, si mwaka ujao. Hata Insaf akimaliza sindano na asizae. Nilipaswa kusema zamani, niliona aibu. Sasa nimesema."

"Nimesikia, mimi si kiziwi." Hajja Wahiba alivuta sinia karibu, akachovya mkate, akamnyooshea Insaf tonge. "Tumbo lile nimeshalitunza mara moja, mwanangu. Sina nguvu ya mara ya pili. Kula. Jumatatu nakupeleka mimi."

Insaf alilipokea tonge. Alilitafuna muda mrefu. Hakukubali usiku ule, wala kesho yake. Lakini asubuhi ya Jumatatu alikuwa wa kwanza kuvaa, na alipoulizwa alisema tu kwamba anataka kuzeeka.

* * *

Kituoni Hajja Wahiba aliwainua wanaume wawili kwenye benchi kwa kuwatazama. Alimwambia Daktari Nermin kwamba mafua yake yanahitaji kitunguu na asali, wala si hivyo vidonge wanavyogawa. Sindano ya ishirini na tano ilipoingia, aligeuza uso ukutani.

Habari za kijijini alizimaliza mwenyewe pia. Alikwenda kwa Mama Hisham, akakaa, akasema hakukuwa na mimba, ilikuwa tezi, na atakayetaka kucheka aje acheke mbele yake. Hakuna aliyekuja. Muuza vitunguu aliongeza kilo moja bila kuombwa, na hilo Hajja Wahiba aliliona kuwa matusi, akairudisha.

Kidonge cha tezi kilifanya kazi polepole. Januari Insaf aliweza kuvua shali. Februari sauti yake ilirudi. Siku moja mwezi wake ulikuja, akakaa chooni akalia, kwa furaha na kwa jambo jingine. Mei akadungwa ya arobaini na nane. Ilibaki kungoja, na kungoja kulikuwa kugumu kuliko sindano, kwa kuwa sindano angalau zilikuwa na siku yake. Alijifunza kupita njia nyingine saa za watoto kutoka shule. Metwalli hakuuliza kwa nini njia ya kwenda dukani imekuwa ndefu. Alianza tu kwenda dukani yeye.

Novemba walirudi Mansura kwa kipimo cha mwisho. Virusi havikuwapo. Tezi haikupona, na Daktari Nermin alisema haitapona tena. Kidonge ni cha maisha. Kisha akachukua faili, akaitoa ile karatasi yenye saini mbili, akaikata kwa mistari miwili ya kalamu.

"Kuanzia leo mko huru," alisema. "Siahidi kitu."

"Hatukuombi uahidi," alisema Insaf.

* * *

Asubuhi ya pili yake Hajja Wahiba alionekana uani amevaa joho lake jeusi la safari, na kifurushi miguuni. Tangu aolewe hakuwahi kulala nje ya nyumba ile isipokuwa Makka.

"Nakwenda kwa Ratiba," alisema. Ratiba alikuwa bintiye, aliyeolewa kijiji cha tatu kutoka pale.

"Kuna nini kwa Ratiba?" aliuliza Insaf. "Anaumwa?"

"Haumwi. Nimechoka na huyu nyati. Ananitazama vibaya."

"Utarudi lini, Mama?"

"Wiki. Labda mbili. Kwa Ratiba kuna televisheni kubwa." Alikuwa anajishughulisha na fundo la kifurushi ambalo lilikuwa limekaza vizuri. "Njiwa nimewajaza mchele, wako jikoni, kazi yako ni kuwachoma tu. Milango ya bata nimefunga. Mtu akija kuniulizia mwambie sipo, na wewe pia hupo."

Insaf alihisi uso unamwaka moto. Bibi hakumtazama. Alibeba kifurushi, akafika mlangoni, akasimama.

"Kidonge cha asubuhi umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Haya," alisema Hajja Wahiba, na akaenda zake, akichechemea, katikati ya njia.

Metwalli alirudi jioni. Alisimama uani na mkoba wake wa zana, akasikiliza nyumba.

"Mama yuko wapi?"

"Kwa Ratiba. Wiki mbili."

"Wiki mbili?" Alitazama mlango wa chumba cha mama yake uliofungwa, akatazama meza yenye njiwa na sahani mbili, na taratibu akaelewa. Akaenda bombani. Alinawa mikono muda mrefu, akasugua chini ya kila ukucha, mpaka Insaf akamwambia inatosha. Walikaa mkabala kama watu walioletwa kuonana mara ya kwanza, hakuna aliyejua aanze na lipi. Metwalli alikuwa na mvi, Insaf alikuwa na shingo iliyojaa kidogo na nywele fupi zilizoota upya. Nje mtu alipita akiimba, sauti ikaishia kwenye kona.

"Unaogopa?" aliuliza Metwalli.

"Kidogo. Wewe?"

"Sana."

Insaf alicheka. Akainuka, akaenda kufunga mlango wa nje kwa komeo, akarudi akakaa, safari hii upande wa Metwalli.